Ulimbo Usiochafua Mikono: Mtego wa Nzi na Mende

Hapana nyumba, iwe ya makuti, ya mabati au ya ghorofa za mjini, isiyojua nzi na mende. Nzi atokaye chooni au jaani huingia bila hodi, akatua juu ya ukingo wa kikombe cha maziwa na miguu yake ileile. Mende naye husubiri taa izimwe, kisha hutoka katika mfereji wa maji machafu na kutembea juu ya vijiko vilivyooshwa jioni. Wote wawili huweza kubeba vijidudu vya kuhara na vya homa ya matumbo katika miguu yao, katika midomo yao na katika kinyesi chao. Mama mwenye mtoto mchanga hujua hayo bila kufundishwa, na kwa hiyo hutafuta dawa ya kuwaua.

Hapo ndipo hatari ya pili huanza. Sumu ya wadudu mara nyingi huuzwa kwa kupimwa, ikitiwa katika chupa ya soda isiyo na karatasi ya maelezo, na mtoto mwenye kiu aionaye chupa hiyo uvunguni mwa kitanda hajui ila kwamba ni soda. Tena sumu iliyosifiwa jana huenda isiue leo. D.D.T. ilipoenea baada ya vita vya 1939–1945, watu wengi walidhani kwamba habari ya nzi imekwisha duniani. Lakini mwaka 1946 walionekana huko Uswidi nzi wasiojali D.D.T., na mwaka uliofuata wakaonekana Italia, kwa sababu wale wachache waliostahimili sumu ndio waliobaki kuzaa, na watoto wao wakarithi ustahimilivu huo.

Ulimbo hauna sumu. Humkamata mdudu kwa miguu yake, na mdudu akisha kunaswa hana la kufanya. Wala si jambo geni kwetu, kwa maana vijana wachungaji wamenasa ndege kwa ulimbo tangu zamani, wakiupika kwa utomvu wa mkuyu au wa miti mingine yenye maziwa. Yafaa basi kuuliza kwa nini chombo chenye faida kama hiki hakipatikani katika kila jiko. Jibu lajulikana na kila mtu aliyepata kutundika utepe wa kunasia nzi dukani au hotelini. Siku ya kwanza utepe humgusa mpishi kichwani na nywele zikanasa. Siku ya pili upepo huuzungusha ukashika pazia. Siku ya tatu jua huulegeza, nao hudondosha matone ya rangi ya asali juu ya meza. Na siku ya kuuondoa, ukiwa umejaa nzi ambao wengine bado wanavuma, hapatikani mtu wa kuushika. Mwenye nyumba huutundika mara moja, wala harudii.

Kwa hiyo kasoro ya ulimbo si udhaifu, bali ni kwamba hauchagui. Humshika mwenye nyumba kama unavyomshika nzi. Kazi ya mtu anayebuni mtego mzuri ni kuufanya ulimbo uchague, na kazi hiyo yote ni ya umbo la chombo, si ya ulimbo wenyewe.

Mtu wa pwani amekwisha kulijua jambo hili katika kupasua fenesi. Fenesi lina utomvu unaonata kuliko gundi nyingi za dukani. Lakini mwanamke wa Kilifi au wa Lamu hapasui fenesi kwa mikono mikavu. Hupaka mafuta ya kupikia katika viganja na katika kisu kwanza, kisha hula na wanawe, na utomvu hutoka kwa kufutwa na kitambaa tu. Hakuuondoa mnato wa fenesi, bali aliweka kitu kati yake na mkono wake. Mtego wa ulimbo nao wataka jambo hilohilo, na kuna nyakati tatu ambazo mkono na ulimbo huelekea kukutana: wakati wa kuufungua na kuuweka, wakati unapofanya kazi kwa siku nyingi nyumbani, na wakati wa kuutupa. Chombo kinachosaidia wakati mmoja na kusahau mbili si chombo kizuri bado.

Wabunifu wa nchi mbalimbali walizishughulikia nyakati hizo moja moja, na yafaa kuona walivyofanya. Katika miaka ya 1880 ndugu wa jamaa ya Thum, wenye duka la dawa katika mji wa Grand Rapids huko Marekani, walikuwa wakiuza karatasi zilizopakwa ulimbo. Karatasi hizo zilivuja kandokando na kushikamana zilipopangwa pamoja. Wakazizungushia karatasi ukingo wa nta, kama boma lizuialo ng'ombe, na ulimbo ukakaa mahali pake. Ni jambo dogo, lakini biashara yao ilitajirika kwa sababu ya ukingo ule kuliko kwa sababu ya ulimbo.

Theodor Kaiser, mtengenezaji wa peremende katika mji wa Waiblingen, Ujerumani, alishughulikia wakati wa kufungua. Karibu mwaka 1909 alifikia kuuviringa utepe mwembamba wa ulimbo ndani ya kikopo kidogo cha karatasi. Anayeutumia hushika kikopo kwa mkono mmoja na kitanzi kwa mkono wa pili, akavuta, na utepe hutoka ukijisokota bila vidole kuugusa. Umbo lake lilikubaliwa kote duniani na halijabadilika sana hata leo.

Wakati wa tatu, wa kutupa, ulisubiri muda mrefu. Mwaka 1973 kampuni moja ya Kijapani, Earth Chemical, iliuza kinyumba cha karatasi ngumu kiitwacho Gokiburi Hoihoi, chenye paa na milango na hata madirisha yaliyochorwa. Ulimbo umo sakafuni ndani yake. Mende huingia, mwenye nyumba haoni maiti wala hagusi kitu, na kikisha kujaa hutupwa kizima pamoja na wakazi wake. Hapo kwanza mnunuzi ilimpasa kuminya ulimbo mwenyewe kutoka katika tyubu na kuupaka sakafuni. Baadaye ukapakwa kiwandani, na juu yake pakawa na karatasi ya kubandua. Kadhalika wabunifu waliona kwamba mende mwenye miguu ya mafuta au ya maji hanati vema, wakaweka mlangoni kitu cha kumfuta miguu kabla hajaingia. Yamkini hapana mgeni mwingine asiyetakiwa anayewekewa mkeka wa kufutia miguu.

Hapo zamani ulipata kuweko mtego uliokwenda kinyume kabisa cha mambo haya. Katika kisiwa cha Príncipe, kilichokuwa chini ya Wareno katika bahari ya Atlantiki, ugonjwa wa malale uliwaua vibarua wengi wa mashamba ya kakao mwanzoni mwa karne ya ishirini. Wakavikwa mgongoni vitambaa vyeusi vilivyopakwa ulimbo, ili mbung'o wapendao kutua juu ya kitu cheusi wanaswe huku watu wakifanya kazi. Pamoja na kufyeka vichaka, kukausha vinamasi na kuua nguruwe wa mwituni, jambo lile lilifaulu: kufikia mwaka 1914 mbung'o walikuwa wamekwisha kisiwani, wasirudi mpaka 1956. Lakini yule kibarua aliyeshinda jua kutwa na ulimbo mgongoni hakuulizwa kama chombo kile kilimchafua.

Sasa na yaelezwe matengenezo ya chombo ambacho mtu aweza kujifanyia. Ulimbo wenyewe ni wa vitu viwili. Cha kwanza ni rosini, yaani utomvu wa msonobari uliopikwa mpaka mvuke wake ukatoka, ukabaki mgumu na mwangavu kama kioo cha rangi ya asali. Mafundi wa redio huitumia katika kulehemu nyaya, na wapigaji wa fidla huisugua katika uta, kama mpigaji wa orutu wa Kijaluo asuguavyo utomvu wa mti. Cha pili ni mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita ya mbono au ya nyonyo. Mafuta haya na yanunuliwe dukani yakiwa safi, wala mtu asijaribu kuyakamua nyumbani, kwa sababu makapi ya mbegu za mbarika yana sumu kali. Wala mtu asitumie maziwa ya mnyaa badala ya rosini, ingawa hunata, kwa maana tone lake likiingia jichoni huweza kuleta upofu.

Kipimo kilichotumiwa na majeshi ya Waingereza katika Vita Kuu ya 1914–1918 ni mafungu 8 ya rosini kwa mafungu 5 ya mafuta, kwa uzito. Gramu 80 kwa gramu 50 hutosha kwa mitego kadhaa. Rosini hupondwa, ikatiwa pamoja na mafuta katika kopo lisilojaa zaidi ya nusu, na kopo huwekwa juu ya makaa machache, nje ya nyumba, mbali na watoto. Huchanganywa kwa kijiti mpaka chembe zote ziyeyuke, wala hauachwi uchemke. Rosini na mafuta hushika moto upesi. Kwa hiyo mpishi na awe na kifuniko cha kopo na mchanga karibu yake, wala asimwagie maji moto ukitokea. Tone moja likidondoshwa juu ya kisu cha baridi na kuguswa kwa kijiti, livutike kama uzi mrefu. Likikatika kama peremende, mafuta ni machache. Likitiririka, rosini ni kidogo. Na hapa pana jambo la kukumbuka: ulimbo unaofaa Mombasa, penye joto usiku na mchana, huwa mgumu kama gamba asubuhi ya Limuru, na ule wa Limuru hutiririka Mombasa. Mtu wa pwani na aongeze rosini kidogo, na mtu wa milimani na aongeze mafuta.

Kinyumba cha mende hufanywa kwa karatasi ngumu ya katoni. Katoni iliyo wazi hunywa mafuta na kuuacha ulimbo umekauka, kwa hiyo upande wa ndani hupakwa kanji nzito kwanza, ikaachwa ikauke kabisa. Paketi ya maziwa iliyofunguliwa na kuoshwa haihitaji kanji, kwa sababu ndani yake tayari haipitishi maji.

Kwa kinyumba kimoja huchukuliwa kipande chenye urefu wa sentimita 24 na upana wa sentimita 20. Katika upana huo hupigwa mistari mitatu ya kukunjia, wa kwanza sentimita 5 kutoka ukingoni, wa pili sentimita 13, na wa tatu sentimita 18. Hivyo hupatikana ubavu wa kwanza wa paa wenye sentimita 5, sakafu yenye sentimita 8, ubavu wa pili wenye sentimita 5, na ulimi mwembamba wa sentimita 2. Mistari hukwaruzwa kwa mgongo wa kisu ili ikunjike sawasawa. Mbavu mbili zikiinuliwa hukutana juu, na ulimi ukiingizwa chini ya ubavu wa kwanza na kubanwa kwa klipu, chombo huwa kama hema ndogo yenye milango miwili na kimo cha sentimita 3.

Kabla ya kukikunja, ulimbo hupakwa sakafuni tu, kwa kijiti bapa, wembamba kama ganda la yai. Tabaka nene halina faida, maana mende huhitaji kuguswa nyayo tu, na kilichozidi ndicho kitakachovuja. Kila mlangoni huachwa nafasi safi ya sentimita 2. Nafasi hizo ndizo boma la ndugu wa Thum, na ndizo vishikio vya vidole. Juu yake hubandikwa kwa kanji ukanda wa gunia la katani, uwe mkeka wa kufutia miguu. Lakini ubavuni, penye mikunjo, haiachwi nafasi yo yote, kwa kuwa mende hupenda kutembea mwili wake ukigusa ukuta, na njia safi iliyoachwa kandokando angeipita salama mpaka kwenye chambo na kurudi. Chambo ni kipande cha mkate kama ukucha wa kidole gumba, kilicholowekwa katika bia na kukamuliwa, au ndizi iliyoiva sana, au njugu zilizopondwa, na huwekwa katikati kabisa.

Mikono ya mtengenezaji na iwe imepakwa mafuta ya kupikia tangu mwanzo, kama ya mpasua fenesi. Ulimbo ukimgusa mtu hata hivyo, hausuguliwi kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa, ambayo huunguza ngozi. Husuguliwa kwa mafuta ya kupikia mpaka ulegee, ndipo sabuni ikafuata.

Wakati wa kukitupa, klipu huondolewa na ubavu wa kwanza hulazwa juu ya sakafu, kisha wa pili na ulimi wake juu ya wa kwanza. Kwa kuwa sakafu ni sentimita 8 na kila ubavu ni 5, mbavu hupishana na kuifunika yote. Ulimbo hujishika wenyewe, na kinyumba hugeuka bahasha iliyofungwa, yenye mende ndani na karatasi safi nje. Hicho ndicho kilichotafutwa tangu mwanzo: ulimbo uliokuwa adui wa vidole ndio sasa unaoifunga bahasha. Bahasha hiyo huchomwa katika shimo la takataka, si katika jiko la kupikia, maana rosini huwaka kwa moshi mweusi. Tena na ichomwe, isitupwe tu. Mende mdogo wa jikoni hubeba kifuko chenye mayai kama 30 au 40 mkiani mwake mpaka karibu na kuanguliwa, na mayai hayafi mara mama anaponaswa.

Kwa nzi kinyumba hakifai, kwa sababu nzi hatafuti giza wala pembe. Usiku hulala juu ya vitu vyembamba vinavyoning'inia, kama kamba, nyaya za taa na kingo za makuti, na ndiyo maana utepe hunasa hata usipokuwa na harufu yo yote. Majeshi yaliyotajwa yalitumia waya uliochovywa katika ulimbo, na chombo hicho hakijapata kupitwa kwa urahisi wake. Hukatwa waya mnyofu wa sentimita 45, ukakunjwa kulabu juu. Hutafutwa mwanzi mwembamba wenye tundu la kuingia kidole kidogo, uliozibwa na fundo lake upande wa chini, nao hutiwa ulimbo wa moto kiasi cha nusu. Waya huingizwa humo kupitia kizibo kilichotobolewa tundu kubwa kidogo kuliko waya. Siku ya kuutumia, mwanzi huwekwa juani au katika maji ya moto ili ulimbo ulegee, kisha waya huvutwa polepole kwa kulabu. Tundu la kizibo huufuta ulimbo uliozidi, na uliobaki ni utando mwembamba usiodondoka. Chini ya waya hutungwa kifuniko cha kopo kama kisahani, ili tone la mchana wa joto liangukie humo, si juu ya meza.

Waya huu hutundikwa juu ya kimo cha kichwa cha mtu mrefu, mahali penye mwanga na pasipo upepo, wala si juu ya chakula wala njia ya kupita. Ukijaa nzi, hushikwa kwa kulabu na kupitishwa katika moto nje ya nyumba. Ulimbo na nzi huteketea pamoja, waya hubaki mtupu, nao ukisha kupoa hurudishwa mwanzini kuchovywa tena. Waya mmoja huweza kutumika miezi mingi bila kidole kugusa cho chote zaidi ya kulabu.

Vumbi ndilo adui mkubwa wa vyombo vyote viwili. Nyumba iliyo kando ya barabara ya murram itaona ulimbo wake umekufa kwa siku chache, umefunikwa na udongo mwekundu. Masizi ya kuni hufanya vivyo hivyo.

Vinyumba vya mende vidogo vingi ni bora kuliko kimoja kikubwa, na kila kimoja huwekwa kikiwa kimelazwa sambamba na ukuta, mlango ukiuelekea upande mende anakotoka, yaani nyuma ya kabati, chini ya sinki, karibu na jiko lenye joto. Yafaa viandikwe namba, na kila asubuhi ahesabiwe aliyenaswa. Faida hii watu wengi hawaifikirii. Vinyumba vinne vikiwekwa jikoni, na viwili vikawa na mende mmoja mmoja, na cha tatu hakina kitu, na kile cha nyuma ya kabati kina ishirini ambao wengi wao ni wadogo wasio na mabawa, mwenye nyumba amekwisha kuonyeshwa penye kiota, kwa kuwa mende wadogo hawaendi mbali na walipoanguliwa. Kabati na lisogezwe, ufa uzibwe kwa saruji au udongo, na makombo yafagiliwe. Siku saba za hesabu husaidia kuliko chupa nzima ya sumu iliyonyunyizwa bila kujua mahali.

Kwa maana ulimbo peke yake haumalizi kizazi cha wadudu. Nzi jike hutaga mayai zaidi ya mia kwa mara moja, na penye joto yai huwa nzi kamili kwa muda wa siku kumi hivi au chini yake. Waya unaonasa nzi mia kwa siku, huku samadi imerundikwa nyuma ya jiko, ni kama kuchota maji ya mtumbwi uliotoboka. Samadi na ifunikwe au ipelekwe shambani na kutawanywa ikauke, na shimo la choo liwe na kifuniko, au liwe na bomba la hewa lenye wavu wa waya juu yake.

Kuna nzi wengine ambao ulimbo wa nyumbani hauwawezi kabisa, nao ni wale wadogo wakusanyikao machoni pa watoto. Hao husaidia kueneza trakoma, ugonjwa uliopofusha watu wengi katika sehemu kavu za Kenya kama Turkana. Hawapendi kukaa ndani ya nyumba, na huzaliana zaidi katika kinyesi cha watu kilichoachwa wazi. Uchunguzi uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba vijiji vilivyopunguziwa nzi vilipata wagonjwa wapya wa trakoma wachache sana kuliko vijiji vingine. Mama atakayetundika waya jikoni akidhani ameyaokoa macho ya mwanawe atakuwa amekosea. Macho hayo yanataka choo na maji ya kunawa uso.

Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo, na wa ulimbo pia. Mjusi kafiri, ambaye hula mbu na nondo ukutani usiku kucha bila mshahara, hufuata nzi walionaswa akanaswa naye. Kwa hiyo waya usitundikwe ukigusa ukuta wala boriti, bali uning'inie kwa uzi mwembamba wa urefu wa mkono mmoja. Na nje ya nyumba usitundikwe kamwe, maana chiriku na nyuki nao wataingia. Mjusi akinaswa, hapakwi maji wala havutwi. Hupakwa mafuta ya kupikia kwa manyoya ya kuku mpaka ajitoe mwenyewe.

Baada ya nzi na mende, watu wengi huuliza habari za kunguni. Hapa ulimbo una kazi ndogo, kwa sababu kunguni hutoka ufa wa kitanda mpaka ngozi ya mtu kwa njia fupi mno. Lakini watu wa nchi za Balkani, huko Ulaya ya kusini-mashariki, walikuwa na desturi ya kutandaza majani mabichi ya maharagwe sakafuni kuzunguka kitanda wakati wa usiku. Asubuhi waliyakuta yamejaa kunguni, wakayafagia na kuyachoma. Jambo hili liliandikwa huko Marekani mwaka 1943, na mwaka 2013 wataalamu wa vyuo vikuu vya California, Irvine, na Kentucky wakalichunguza kwa darubini kali. Waliona kwamba jani la haragwe lina vinyweleo vidogo vilivyopinda kama kulabu, na kunguni akikanyaga, kulabu humtoboa penye maungo laini ya mguu, naye kadiri anavyojitahidi kujitoa ndivyo anavyozidi kushikwa. Wakajaribu kutengeneza kulabu za bandia zenye umbo lilelile. Zilimkwaza kunguni kwa muda, akajitoa akaenda zake. Jani lenyewe, linalomea katika mashamba ya Nyeri na Kisii na kila mahali penye maharagwe, lilimshika mpaka asubuhi, na aliyelifagia hakuchafuka mkono.